Anne of Green Gables: kina kasoro zake, na bado nakipenda

Nianze na lawama, maana zipo. Anne anaongea mno. Kuna kurasa nzima za mwanzoni ambako hakuna msemaji mwingine: yuko kwenye gari la farasi, anabandika majina barabara na ziwa, na Matthew aliyekuja kumpokea hapati hata upenyo wa kukohoa. Nusura nikiache hapo hapo.

Riwaya hii ya L. M. Montgomery ilitoka mwaka 1908, na mambo yake yanatokea Kisiwa cha Prince Edward, Kanada. Matthew na Marilla Cuthbert, kaka na dada ambao hawakuwahi kuoa wala kuolewa, wameagiza mvulana yatima wa kusaidia shambani. Analetwa binti wa miaka 11 mwenye nywele nyekundu. Marilla anataka kumrudisha. Matthew, mtu wa haya hadi anaogopa wanawake, ndiye anayemtaka abaki.

Na Matthew ndiye aliyeniteka. Krismasi inapokaribia anamtazama Anne katikati ya wenzake, anahisi kuna tofauti lakini haijui ni ipi. Anakaa na kiko chake, anawaza kwa muda wa saa mbili, ndipo anang'amua: wenzake wana magauni ya kisasa yenye mikono iliyovimba, Anne anavalishwa nguo zisizo na pambo lolote. Basi anakwenda dukani kutafuta kitambaa. Muuzaji ni mwanamke. Ulimi unamganda, anababaika, na anarudi nyumbani na reki na ratili 20 za sukari ya kahawia. Kitambaa hakuna! Nimeirudia sura hiyo mara kadhaa, na kila nikiisoma nacheka huku koo limenibana.

Urafiki wa Anne na Diana ni wa chanda na pete, na una vituko vyake. Anne anamkaribisha mwenzake sharubati, kumbe ni divai, Diana analewa chakari na mama yake anapiga marufuku wasionane tena. Wanapatanishwa usiku ambao mdogo wake Diana anabanwa na kifua, na Anne, aliyelea watoto wa watu tangu mdogo, ndiye anayejua la kufanya.

Lakini Diana mwenyewe ni nani? Anacheka, analia, anasikiliza. Anne anapoanza kujiandaa kwa masomo ya ualimu, wazazi wa Diana hawana mpango wa kumsomesha zaidi, na mwandishi anapita bila kumuuliza binti wa watu anajisikiaje. Hapo nilikasirika kweli. Vilevile Wafaransa wa kisiwani wanasemwa kwa dharau, bila mtu yeyote kitabuni kushtuka. Na kadiri Anne anavyokua, hadithi inaanza kukimbia: mwaka wake wa chuo umebanwa kwenye kurasa chache, wakati ndipo nilipotaka kukaa naye zaidi.

(Kama hujakisoma, ruka aya hii.) Benki yenye akiba yao yote inafilisika, Matthew anaipata habari hiyo gazetini, anaanguka na kufa papo hapo. Anne hawezi kulia mchana kutwa. Kilio kinakuja usiku, na Marilla, mwanamke asiyejua kubembeleza, anaingia chumbani na kumwambia kwa mara ya kwanza kwamba anampenda. Hakuna hotuba wala madoido. Kwa ajili ya ukurasa huo namsamehe Montgomery porojo zote za mwanzoni. Ninachoshindwa kumeza ni Anne anavyoacha ufadhili wake wa masomo ili abaki na Marilla ambaye macho yanamsumbua. Uamuzi naukubali, ila binti aliyekuwa akililia hata rangi ya nywele zake analiachia jambo kubwa hivyo huku anatabasamu?

Nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya Diana.