Wikiendi na rafiki wa zamani: kasino za Dar au ufuko wa Matema?

Kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Ukienda kwa basi, wikiendi yote inaishia barabarani. Bila ndege kutoka Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, afadhali msiende. Mkifika kwenye meza ya ruleti, ule mchezo wa kubahatisha namba ambayo kipira kitaangukia kwenye gurudumu, ulizeni kwanza gurudumu lina sifuri ngapi. Lenye sifuri moja lina namba 37, na kasino hubaki na wastani wa asilimia 2.7 ya kila dau. Lenye sifuri mbili, 5.26. Kinachowamaliza wengi ni kuongeza dau ili kurudisha zilizoliwa. Kadi ya benki ibaki hotelini. Halafu kelele zile, stori za miaka kumi mtapigia wapi?

Matema, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mnashuka Tukuyu, mnapita Ipinda. Toeni fedha taslimu Tukuyu. Fikeni Ijumaa, maana Jumamosi ndiyo gulio la vyungu katika kijiji jirani cha Lyulilo, vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa kijiji cha Ikombe. Gonga chungu kwa kidole kabla ya kulipa: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti butu. Chandarua msisahau, kule ni joto na mbu wapo. Kwa marafiki waliopoteana siku nyingi, Matema bila kusita.