Disketi za inchi 3 na nusu: uzoefu wangu wa miaka 7 steshenari

Kuanzia 1998 mpaka 2005 nimechapa kazi za watu kwenye steshenari moja hapa Dar, na kila kitu kilikua kinaingia na kutoka kwa disketi, kile kiplastiki bapa cha kubebea kazi za kompyuta kabla ya flashi, kinabeba MB 1.44 basi. Leo picha moja ya simu haienei humo, ila ripoti ya kurasa 80 isiyo na picha ilikua inakaa na nafasi inabaki.

Nilichokipenda kuliko vyote ni kile kikufuli cha kwenye kona, unakisogeza kwa ukucha kitundu kinabaki wazi, hapo hakuna mtu wala kirusi wa kuandika juu ya kazi yako. Flashi nyingi hazina hicho kitu na mimi nakililia mpaka leo.

Shida yake kubwa ni ukungu. Unyevu wa Dar mnaujua, disketi ikikaa kabatini masika nzima unavuta kile kibati cha kufunikia unakuta madoa meupe kwenye kisahani cha ndani, ukiitumbukiza hivyohivyo inachafua kichwa cha draivu (kile kinachosoma na kuandika disketi) na disketi ya mteja anayefuata nayo inaumia. Tulikua tunasafisha kwa pamba na spiriti kila Jumamosi.

Kuna dada mmoja wa chuo sitamsahau. Tasnifu yake ilikua na ramani nyingi haikuenea, tukaizipu, yaani tukaibana iwe ndogo, tukaigawa disketi 4, na kwa mtindo ule ikigoma moja zote hazifunguki. Kesho yake asubuhi karudi anatetemeka, kule alikoenda kuprinti ya 3 imegoma, draivu inakwaruza krrr krrr halafu kompyuta inamuuliza aifomati, yaani aifute yote? Namshukuru Mungu alikataa. Nikajaribu kwenye mashine mbili pale kwetu, wapi. Nikakumbuka tuliikopi kwenye ile mashine kuukuu ya dirishani, nikaiweka hukohuko ikafunguka yote! Kichwa cha draivu ile kilikua kimehama kidogo, kwahiyo ilichokiandika inakisoma vizuri yenyewe, nyingine hazikioni. Nikahamishia mashine nyingine kwa waya, nikamkopia upya seti mbili, moja akaacha kwetu.

Sony walivyoacha kuziuza Japani mwaka 2011 mimi bado nilikua na boksi zima la 10 halijafunguliwa. Ninalo mpaka sasa, na seti ya yule dada ipo humohumo kabatini, hakuja kuichukua.