Mwaka Mmoja na GPS Kwenye Boxer Yangu, Kutoka Kirumba Hadi Kahunda

Nianze kwa kuondoa mkanganyiko, maana siku ya kwanza nilipolitaja jambo hili kijiweni Kirumba, hapa Mwanza, tulibishana nusu saa. Ukisema GPS ya pikipiki, wengi wanaelewa kile kidude kinachofichwa chini ya kiti ili chombo kikiibwa ujue kiko wapi. Mimi nazungumzia kifaa chenye kioo, kinachofungwa juu ya usukani na kukupangia njia. Nimekitumia mwaka mzima, lami na vumbi, kiangazi na masika.

Kazi yangu ni kupeleka vipuri vya mashine za mitumbwi: plagi, gasketi, propela, impela za pampu ya maji. Mteja wangu ni mvuvi ambaye mashine imemfia, na kila usiku anaolala nchi kavu ni dagaa waliompita. Mimi kufika saa nane badala ya saa kumi na moja ndiyo tofauti ya yeye kuingia ziwani usiku uleule au kukaa. Mialo ninayoihudumia, yaani sehemu za ufukweni mitumbwi inakotia nanga, imetawanyika: Igombe na Kayenze upande wa Ilemela, halafu ng'ambo ya ghuba, Sengerema, Nyehunge, Nyakalilo mpaka Kahunda. Mingine haina hata kibao kimoja cha kukuelekeza.

Maelekezo unayopewa kwa simu ndiyo hayo: "Ukifika kwenye jiwe kubwa, kata kushoto." Mtu wa Mwanza anajua shida ya maneno hayo. Kwetu mawe makubwa ni kama miembe kwa wenzetu wa Tabora, kila kona lipo, na kila mtu anaona la kwao ndilo kubwa.

Nilianza na simu, na siwezi kuisema vibaya maana ndiyo iliyonifungua macho. Nilipakua programu za ramani zinazofanya kazi bila intaneti, Organic Maps na OsmAnd, zote za bure, nikaifunga simu kwenye kishikio cha elfu kumi na tano. Asubuhi mambo yalikuwa mazuri. Ikifika saa sita, jua likiwa utosini, kioo kinafifia mpaka huoni kitu, na baadaye simu inakuandikia kwamba imepata joto, inazima. Mvua nayo ina vituko vyake: tone likigonga kioo, simu inadhani ni kidole. Ramani inavutwa huku na huku, inakuzwa, inafungwa, na wewe uko katikati ya barabara.

Kilichoniuma zaidi ni kamera. Boxer ina pistoni moja, na mtetemo wake unapanda kwenye usukani mpaka unausikia kwenye vidole. Baada ya miezi mitano hivi kila picha niliyopiga ilitoka na ukungu, na ukitega sikio nyuma ya simu unasikia kitu kinachezacheza ndani. Kumbe lenzi za simu nyingi za siku hizi zinaning'inia kwenye vijisumaku, ili mkono wako ukitetemeka picha itulie, na mtetemo wa injini wa kila siku unaviharibu. Apple walitoa tahadhari hadharani kuhusu jambo hilo Septemba 2021, hasa kwa pikipiki zenye injini kubwa. Simu yangu haikuwa ya kwao, na Boxer si injini kubwa, lakini kamera ndiyo hiyo imekufa. Kama simu yako ndiyo inayopiga picha za biashara yako, lifikirie hilo kabla hujanunua kishikio.

Machi 2025 nikanunua kifaa chenyewe, mtumba, kwa kijana anayeleta vitu vya Ulaya. Garmin na TomTom ni miongoni mwa kampuni zinazotengeneza vifaa maalumu kwa ajili ya pikipiki. Vipya siviwezi kwa bei. Changu sitakitaja jina, kwa kuwa ni cha zamani na kasoro nyingine nitakazozieleza huenda ni za uzee wake. Nililipa laki tatu na nusu.

Tofauti yake na simu unaiona kabla hujaondoka nyumbani. Kioo kinasomeka juani. Unabonyeza ukiwa na glavu. Maji hayakisumbui: cha kwangu ni cha daraja la IPX7, maana yake kinastahimili kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Ile mvua inayotoka ziwani alfajiri, inayokuja na upepo wake, imekichapa mara nyingi na hakijawahi kuzima.

Lakini siku ya kwanza kilinitia hofu. Nilikiwasha nje ya nyumba, kikaonyesha mitaa ya Ujerumani, kikang'ang'ania hapohapo. Dakika tano zikapita, zikawa kumi. Hela yangu ilikuwa inaniwasha moyoni. Kumbe hakikuwa kibovu, kilidhani bado kiko Ulaya na kilikuwa kinatafuta setilaiti za anga la huko. Kifaa kikikaa muda mrefu kimezimwa, au kikihamishwa mbali, kinahitaji kupokea upya ratiba ya setilaiti zote, na ratiba hiyo inarushwa taratibu sana, inachukua dakika 12 na nusu kukamilika. Simu haipati shida hiyo kwa sababu inaletewa taarifa hizo na mtandao. Ukinunua mtumba, kiwashe mahali pa wazi, ukae nacho kwa subira. Changu tangu siku ile kinashika ndani ya dakika moja.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni: "Kinakula bando kiasi gani?" Hakili hata kidogo. Setilaiti za GPS za Marekani, zinazofanya kazi ni zaidi ya 30, ziko juu yetu karibu kilomita 20,200, na zinatangaza tu kama redio inavyotangaza. Kifaa kinasikiliza. Kikizisikia nne kwa pamoja, kinajua kilipo. Kuna kona kabla ya Kahunda ambako simu yangu haishiki mtandao kabisa, na hapo mshale wangu unatembea juu ya ramani kama niko Makongoro Road.

Ramani ndiyo habari nyingine. Ile ya Ulaya haikuwa na kazi kwangu, nikaweka kwenye memori kadi ramani ya OpenStreetMap, mradi ulioanza 2004 Uingereza ambao watu wa kujitolea duniani kote wanachora ramani wenyewe, na yeyote anaichukua bure. Kwa Mwanza mjini ni nzuri mno. Vichochoro vya Mabatini vimo, njia za kupanda Bwiru zimo. Vibao vilivyowekwa mitaani wakati wa operesheni ya anwani za makazi ya 2022 vimesaidia pia, maana sasa unaweza kulinganisha jina la kwenye kioo na jina la kwenye nguzo. Ukitoka mjini, ramani inakuonyesha kwamba njia ipo. Hali ya njia hiyo haikuambii.

Hilo nililijua Aprili, masika ikiwa imekolea. Nilikuwa Misungwi, kifaa kikaniambia kuna njia fupi zaidi, nami nikakifuata kwa kuwa sikuwa nimebadilisha mpangilio wa "njia fupi" kwenda "njia ya haraka". Njia ikaanza vizuri, ya changarawe, ikawa ya udongo, kisha nikajikuta kwenye kijia kati ya majaruba ya mpunga. Ule udongo mweusi wa mbuga ukilowa unanata kama gundi. Ulijaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu la mbele likagoma kuzunguka. Akina mama wawili waliokuwa wanafukuza ndege kwenye mpunga wakanisogelea, nikawasalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mama."

"Mwadila. Mwanangu, nani amekuelekeza huku? Hii ni njia ya ng'ombe."

Nikawaonyesha kioo. Yule mkubwa akakitazama muda mrefu, akaniuliza kama hicho kinajua kwamba jana ilinyesha. Tuliikwangua tope kwa vijiti, wakanisukuma mpaka penye majani. Jioni ile nikabadilisha mpangilio, nikazima njia zisizo na lami wakati wa mvua, na sijarudi tena majarubani.

Juni 19, 2025 Rais Samia alizindua daraja la Kigongo–Busisi, Daraja la J.P. Magufuli, kilomita tatu za kupita juu ya ghuba. Sisi tuliokuwa tukipanga foleni ya kivuko, siku nyingine saa mbili nzima na mzigo mgongoni, tunajua maana yake. Nilivuka wiki hiyohiyo nikiwa na propela mbili nimezifunga nyuma. Nilipoanza kupanda darajani, kifaa kikachanganyikiwa. Ramani yangu ilikuwa ya Machi: kwenye kioo kulikuwa na maji ya buluu tu na kistari cha kivuko, na mshale wangu uko katikati ya ziwa. Kilikuwa kinaniambia nigeuze nirudi Kigongo nikapande kivuko. Chini yangu lami mpya, kulia na kushoto upepo wa ziwa, mitumbwi midogo inaonekana chini kama maganda ya karanga, na kifaa kimeshikilia kwamba ninaelea. Mahali nilipo kilikuwa sahihi, wala hakikukosea hata mita kumi. Kilichokuwa kimepitwa na wakati ni ramani. Wiki chache baadaye nikapakua ramani mpya, daraja likawemo. Sasa nabadilisha ramani kila baada ya miezi mitatu, na nawasisitizia wenzangu wafanye hivyo hata kama barabara zao hazijabadilika.

Aliyenifundisha kukitumia vizuri zaidi ni mzee mmoja wa Kayenze, mvuvi, ambaye ana GPS yake ndogo ya mkononi ya kutafutia nyavu usiku. Nilikaa naye akisubiri fundi afunge gasketi. Akaniuliza ninaandika nini kwenye changu. Nikamwambia naandika jina la kijiji, nachagua, naenda. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, ziwani hakuna jina. Mimi natega, nabonyeza alama. Kesho narudi kwenye alama."

Nikiri kwamba sikuwa nimewahi kuigusa sehemu hiyo ya kifaa. Siku hiyohiyo nikabonyeza alama ya kwanza pale mwaloni, karibu na chanja za dagaa, nikaiandika "Kayenze mashine". Kutoka hapo kila ninapofika mahali papya naweka alama: mlango wa mteja wenyewe, siyo kijiji chake. Naweka pia penye petroli ya chupa ya uhakika, fundi wa pancha anayefanya kazi Jumapili, daraja la miti ambalo halipitiki mvua ikinyesha, na matuta mawili kabla ya Usagara ambayo hayana rangi wala kibao. Jiwe kubwa la kila mteja sasa lina jina lake. Hapo ndipo laki tatu na nusu ilipoanza kurudi. Kama utanunua kifaa hiki ukabaki kukiuliza majina tu, bora ubaki na simu.

Kuhusu kukifunga: usichukue umeme moja kwa moja kwenye betri. Mimi fundi alinifungia hivyo, nikalala Sengerema, asubuhi stata ikagoma kabisa na kiki ndiyo iliyoniokoa. Waya uchukuliwe baada ya swichi, ili ukizima pikipiki na kifaa kinakatiwa moto, na uwekewe fyuzi ndogo. Pale kishikio kinapobana usukani, funga kwanza kipande cha raba ya tyubu, mizunguko miwili. Mtetemo unapungua na nati hazilegei. Ukipaki sokoni, king'oe uondoke nacho.

Sauti niliizima. Haina Kiswahili, na jinsi inavyotamka Nyegezi na Buhongwa inakuchelewesha kuelewa. Kwa hiyo natazama kioo, na hapo kuna hatari ambayo nataka vijana waisikie. Ukienda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo kwenye makazi ya watu, kila sekunde umekwenda karibu mita 14. Macho yakikaa kwenye ramani sekunde mbili, umeendesha mita 28 bila kuona, na barabara ya Nyegezi jioni ina watoto, bajaji na machinga. Mimi nakariri kona mbili zinazofuata kabla sijaondoka, na nikipotea nasimama pembeni.

Kasoro zilizobaki: kifuniko cha raba kwenye tundu la chaji kimepasuka, na nakifunga kwa utepe masika ikianza. Kuandika kwenye kioo ni polepole. Vivuko bado vinakichanganya, ukikiachia kitakupeleka Kamanga hata kama hukutaka, mpaka ukiambie kiviepuke.

Mwezi uliopita niliugua, na kulikuwa na mzigo wa Kahunda usiosubiri. Nikampa mdogo wangu Boxer na kifaa. Hajawahi kuvuka Sengerema maishani mwake. Nilimwonyesha orodha ya alama, zimefika 64, nikamwambia afuate ile iliyoandikwa "Kahunda, mlango wa bluu". Aliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Simu yake iliita saa sita kasoro, nikajua amepotea. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa bluu, anauliza kama gasketi ni za kuacha zote mbili au moja irudi.