Kalibu za kyubu za zege, karakana ya Ngamiani: nyota nne

Wale mnaosoma PhD ya ujenzi na kazi zenu mnafanyia Tanga, karakana hii iko Ngamiani barabara ya 14, ulizia tu mchomeleaji wa mageti.

Mimi utafiti wangu ni zege yenye nyuzi za mkonge, na mkonge uko huku Tanga toka 1893 ndo maana nimehamia kabisa. Kalibu za kwanza, yaani yale maboksi ya kumwagia zege itoke kyubu ya kupasua kwa mashine kupima nguvu, nilinunua duka moja silitaji jina, eti 150 mm, kumbe kona zimebetuka. Zege ileile, siku 28 zilezile, kyubu moja inafika nguvu vizuri, nyingine inapasuka mapema, mi nikajua tatizo ni mkonge, maana ule saruji inaula taratibu na nyuzi zikiwa ndefu zinajikunja mafundo kwenye mchanganyiko. Kumbe sura ya kyubu ikiwa haijanyooka mashine inakandamiza upande mmoja tu! Miezi miwili ya kazi imeenda na maji, nililia jamani, sifichi.

Huyu mzee nilimpelekea mchoro hata hakuhangaika nao sana, akaniambia mwanangu tuliulize jua. Akafunga kalibu, akaweka skwea, kile kipimo cha kona mraba, kwenye kona, akaiinua juu, mwanga ukapenya kama uzi. Akafungua nati, akapiga grinda, akafunga tena, bado, akafungua tena. Mara ya nne ikawa giza tupu pale konani, ndo akasema hii sasa ipeleke chuo. Zote 12 kazipima hivohivo moja moja mi nimesimama namwangalia. Na ni za bolti, kesho yake unafungua bila kugongagonga nyundo, kingo za zege haziliki.

Bei elfu 70 kwa moja, sio rahisi ila inastahili. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu aliniambia siku tatu zikawa tisa, umeme ukikatika kazi inalala na yeye hapigi simu kukwambia, unakuja umeshapanda bajaji unakuta bado. Risiti ni ya kuandikwa kwa mkono, kama hela ni ya wafadhili malizaneni nao mapema.

Seti ya kyubu nilizopasua juzi nguvu zake zimekaribiana vizuri sana, msimamizi wangu kakubali niendelee na urefu wa nyuzi unaofuata. Ukizichukua kalibu zake, ndani paka oili kiduchu tu, ikizidi zege inatoka na vishimo.