Tiger Moth: ndege ya 1931 isiyo na breki wala starta

Karibuni tena jamani. Leo tuko na mzee wa kazi, de Havilland Tiger Moth wa Uingereza. Iliruka mara ya kwanza Oktoba 1931, ikafundisha marubani wa jeshi mpaka miaka ya 1950. Zilitengenezwa zaidi ya 8,000.

Tuanze puani. Starta hakuna. Mtu anashika pangaboi kwa mikono, analizungusha, anaruka pembeni haraka. Kamera isogee hapa ubavuni: mnaziona swichi hizi? Ni za kuwasha na kukata cheche za injini, na zimewekwa nje makusudi, ili yule wa pangaboi azione mwenyewe kwamba zimezimwa. Kazi ile huifanyi kwa kuambiwa tu "tayari".

Tanki la mafuta liko juu, katikati ya bawa. Geji yake ni kiboya ndani ya kibomba cha kioo. Kikishuka, tafuta pa kutua. Naipenda kuliko geji ya gari langu.

Bawa la juu limesogezwa mbele, na lina sababu. Mwalimu hukaa kiti cha mbele, na kwenye ndege za Moth zilizoitangulia hii, akiwa na parachuti mgongoni alipata taabu kutoka, bawa liko juu ya kichwa chake. Wakalisogeza, kisha wakayapinda mabawa nyuma kidogo ndege isipoteze mizani. Mwanafunzi yuko nyuma, wanaongea kwa mpira kama wa daktari wa kupimia kifua.

Nguvu farasi 130, mwendo wa juu kama kilomita 175 kwa saa. Magari yanaipita, sawa, lakini hapa ndipo utamu wake: kuirusha ni rahisi, kuirusha vizuri ni kazi. Ukikata kona bila kukanyaga pedali za usukani wa mkia ipasavyo, ndege inateleza upande na upepo unakuchapa shavuni. Mwalimu hana haja ya kukugombeza.

Kutua nako, breki hakuna, mkiani ni gongo la kuburuza tu. Itafutie uwanja wa majani.

Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto, aliyekuwa akifanya kazi Shell pale Dar es Salaam, alijifunzia hii Nairobi mwaka 1939. Alikuwa na karibu mita mbili, kichwa kikapita kioo cha upepo. Kwa hiyo nyie warefu, kaeni kwanza kwenye kiti ndipo muulize bei.