Rspamd kwenye seva ndogo ya barua pepe: kichujio hodari, ila kinataka kufundishwa

Nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe yenye visanduku vinane vya barua haihitaji mtambo mkubwa. Postfix ipokee na kutuma, Dovecot ihifadhi, Rspamd ikae mlangoni ikichuja taka. Vyote vitatu vinaenea kwenye seva ya kukodi yenye RAM ya GB 2, mradi usiongeze ClamAV ya kukagua virusi, maana hiyo peke yake hula zaidi ya GB 1. Postfix na Dovecot hazina la kusemwa, zinafanya kazi. Tunayoipima hapa ni Rspamd.

Ni ya bure. Usiichukue kwenye hazina ya programu ya Debian, mfumo wa Linux wa seva, toleo la huko huwa la zamani. Tumia hazina ya Rspamd wenyewe, uweke na Redis, hifadhidata yake, maana bila hiyo kichujio hakina kumbukumbu. Kuiunga na Postfix ni mstari mmoja ndani ya main.cf, faili ya mipangilio ya Postfix: smtpd_milters = inet:localhost:11332.

Kazi yake ni kuhesabu alama. Jumla ikifika 4 barua inasubirishwa, 6 inapigwa muhuri wa taka, 15 inakataliwa hapo hapo. Raha yake iko kwenye ukurasa wa usimamizi, poti 11334: barua inayojidai imetoka benki, kichwa chake herufi kubwa tupu, utaiona na alama zake zimepangwa, SUBJ_ALL_CAPS, R_SPF_FAIL, BAYES_SPAM, kila moja na uzito wake. Mteja akiuliza kwa nini barua yake haikufika, unamjibu kwa hesabu.

Huko kusubirisha ndiko hatukupendi. Seva ya mtumaji inaambiwa irudi baada ya dakika 5, kwa sababu mashine nyingi za taka hazirudi. Lakini ni mtumaji anayeamua arudi lini, na wengine hukaa nusu saa, huku mgeni kasimama mapokezi anangoja uthibitisho wa chumba. Kwa biashara ya wageni andika enabled = false; ndani ya local.d/greylist.conf, basi.

Sehemu inayobeba kichujio chote ni Bayes, hesabu inayokisia taka kwa maneno yaliyomo kwenye barua, na ndiyo inayoonewa. Inakuja tupu, haijui hata neno moja la Kiswahili, na haifungui mdomo mpaka ifundishwe barua 200 za taka na 200 nzuri. Wengi huifundisha taka tu, nzuri zinabaki 40, kisha wanalalamika kuwa programu haifai! Amri ya rspamc stat inaonesha hesabu za pande zote mbili. Iangalie kabla ya kulaumu. Tatizo jingine ni mazoea ya wafanyakazi: taka wanaifuta, na kufuta hakuifundishi chochote. Washa imapsieve kwenye Dovecot, nyongeza inayoendesha amri barua ikihamishwa folda: barua ikihamishiwa kwenye folda ya taka iite rspamc learn_spam, ikitolewa humo iite rspamc learn_ham. Halafu wafundishe watu wa mapokezi kuhamisha, wasifute.

Kosa linalojificha kuliko yote ni DNS, mfumo wa kuuliza majina na anwani za mtandaoni. Seva ikiuliza kupitia 8.8.8.8, DNS ya umma ya Google, orodha za Spamhaus za anwani zinazotuma taka haziijibu ipasavyo, na kichujio kinapoteza jicho moja bila kelele. Weka Unbound, DNS yako mwenyewe, kwenye seva hiyo hiyo, uielekeze Rspamd kwenye 127.0.0.1.

Kusaini DKIM, saini inayothibitisha barua imetoka kwenye kikoa chako, inafanya pia, na vizuri. Angalia tu kwamba ufunguo wa biti 2048 unapita herufi 255, kwa hiyo kwenye rekodi ya TXT ya DNS lazima ukatwe vipande. Rekodi ya PTR, inayotaja jina la IP ya seva yako, muombe anayekukodisha seva. Tangu Februari 2024 Gmail inaidai kwa kila mtumaji.

Na seva yenyewe usiiweke chini ya kaunta. Laini za kawaida hubadilisha IP na mara nyingi poti 25 imefungwa. Umeme ukikatika siku moja si neno, Postfix ya upande wa pili hujaribu kwa siku 5; lakini Unguja ilikaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010.

Nakala ya akiba ichukue na faili ya Redis, dump.rdb. Mafunzo yote ya Bayes yamo humo. Ukihama seva bila hiyo, unaanza tena kuhesabu 200.