Kadi ya zawadi imekaa bure? Njia za kuigeuza kuwa pesa ukiwa Lubumbashi, kuanzia bora hadi mbaya

Kadi hizi hutufikia kwa njia zilezile. Yaya (kaka au dada yako mkubwa) yuko Marekani, siku yako ya kuzaliwa imefika, anakutumia picha ya kadi ya Amazon. Au umejibu maswali ya utafiti mtandaoni na malipo yamekuja kama kadi ya Apple. Wewe hutaki Amazon wala Apple, unataka dola kwenye M-Pesa yako. Kabla hujawatafuta vijana wanaonunua kadi kwenye WhatsApp, shika neno hili: kadi ina thamani yake yote kule ilikonunuliwa. Kila mkono inaopitia kuja huku unakata kipande. Kwa hiyo njia niliyoiweka juu kabisa haina hata mnunuzi.

Ya kwanza: irudishe kwa aliyekupa

Wengi wanaona haya kusema, lakini sema tu: "Yaya, aksanti sana, ila hiyo kadi huku hainisaidii. Itumie wewe kwa vitu vyako, mimi unitumie feza." Kwa mtu anayeishi Marekani, dola 100 za Amazon ni sabuni, nepi za mtoto na chaja ya simu, vitu ambavyo angevinunua hata hivyo. Hapotezi kitu. Kisha anakutumia pesa kwa Western Union, MoneyGram au Taptap Send, na kinachokatwa ni ada ya kutuma na tofauti ya kubadilisha. Hakuna mnunuzi wa kadi atakayekaribia hapo.

Sharti ni moja, nalo ni kali: kadi iwe haijaingizwa kwenye akaunti. Ukishaweka namba za siri kwenye akaunti yako ya Amazon, salio limekaa hapo. Huwezi kulihamishia kwa mtu mwingine, wala kulitumia kununua kadi nyingine ya zawadi. Apple nao ni hivyohivyo. Kama kadi ni ya plastiki, usiikwangue "kuangalia tu". Na usiogope kwamba itaoza ukimsubiri yaya apate nafasi: sheria ya Marekani ya 2009 inataka pesa ya kadi ya zawadi idumu angalau miaka 5, na salio la Amazon halina mwisho.

Kadi za Visa na Mastercard za kulipia kabla hazina njia nyingine nzuri zaidi ya hii. Geuza upande wa nyuma usome maandishi madogo: nyingi zimeandikwa kwamba zinatumika Marekani pekee na hazitoi pesa kwenye mashine. Tena zinaweza kuanza kukatwa ada zikikaa mwaka mzima bila kutumika. Hizo zirudi haraka.

Ya pili: nunua kitu, uza kitu

Hii ni ya yule ambaye kadi yake tayari imeingia kwenye akaunti. Mjini kuna watu wa gurupaji, wanaokusanya mizigo ya wateja kwenye anwani ya Marekani na kuileta kwa kilo. Unatafuta kwanza mtu anayehitaji kitu fulani, unakiagiza kwa kadi yako kwenda kwenye anwani ya gurupaji, mzigo ukifika anakulipa dola mkononi. Usikiagize moja kwa moja kuja Lubumbashi, maana Amazon hutuma baadhi tu ya bidhaa hadi Kongo.

Faida yote iko kwenye uzito. Diski ndogo ya kompyuta au kumbukumbu (RAM) ya laptopu ina bei kubwa na uzito wa karibu bure. Viatu na sufuria vitakula pesa yote kwenye kilo. Chochote chenye betri, muulize mtu wa gurupaji kabla ya kulipa, kwa sababu ndege zina masharti yake. Na kadi ya Amazon ya Marekani inafanya kazi kwenye duka la Marekani, si la Ufaransa, hata kama duka la Kifaransa ndilo unalolielewa vizuri.

Ubaya wake ni muda. Kama pesa ni ya kodi ya nyumba mwisho wa mwezi, njia hii haikufai.

Ya tatu: mtumiaji wa hapa mjini

Kadi ya Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, ndiyo rahisi kuuza, maana Steam kwa kawaida hubadilisha kiasi kwenda sarafu ya akaunti ya mchezaji. Vijana wanaocheza kwenye kompyuta hawakosekani, iwe Kamalondo, Bel-Air au kwenye mabweni ya chuo kikuu. Apple na Google Play ni ngumu zaidi: kadi ya Marekani inataka akaunti ya Marekani. Swali la kwanza kwa mnunuzi liwe, "Akaunti yako ni ya inchi gani?" Akisita, achana naye.

Ninaipenda njia hii kwa sababu mnakaa uso kwa uso. Mnakutana mahali penye watu, dola ziko mezani, yeye anashika simu yake, wewe unakwangua na kumsomea namba moja moja. Ya Apple ni herufi na tarakimu 16, inaanza na X. Salio likitokea kwenye simu yake, unachukua dola zako. Hakuna nafasi ya mtu kusema "kadi yako ilikuwa imetumika". Bei mtapatana; punguzo la kiasi ni haki yake, kwani bila punguzo hana sababu ya kununua kwako.

Ya nne: masoko ya mtandaoni yenye amana

Hapa mnunuzi anaweka sarafu ya kidijitali, mara nyingi USDT (inayofuata thamani ya dola), soko linaifungia, wewe unatoa namba za kadi, akithibitisha soko linakuachilia sarafu. Baadaye unamuuzia USDT mtu mwingine anayekulipa kwa M-Pesa au Airtel Money. Hesabu mikato: tuseme mnunuzi anatoa senti 75 kwa kila dola. Kadi ya 100 imeshakuwa 75 kabla hujalipa ada ya kuhamisha sarafu, kabla ya faida ya yule wa M-Pesa, na kabla ya wakala wa kutolea pesa.

Ukilazimika, weka risiti ya dukani (ndiyo ushahidi kwamba kadi iliwashwa), jirekodi video isiyokatika kuanzia kukwangua hadi kutuma, na usikubali kamwe kuhamia WhatsApp katikati ya biashara, kwa sababu amana inabaki nyuma. Salio usililaze humo, maana masoko haya hufungwa. LocalBitcoins ilifungwa 2023, na Paxful, ambayo kila muuza kadi aliijua, ilifunga 2025. Programu za Nigeria za kununua kadi zinazosifiwa sana nazo zimejengwa kwa ajili ya naira. Kabla ya kupakia picha yoyote, angalia kama zinalipa Kongo.

Ya mwisho: "Nanunua kadi zote, bei nzuri"

Matangazo ya Facebook, Telegram na WhatsApp. Atataka picha ya mbele na nyuma "ahakikishe". Ukishatuma picha ya nyuma, umeshampa kadi. Mwingine atakutumia kiungo cha "kuangalia salio", na ukurasa huo ndio unaonyonya namba. Salio huangaliwa kwenye tovuti ya kampuni iliyotoa kadi, uliyoiandika mwenyewe. Wa tatu atakutumia ujumbe wa M-Pesa uliopikwa, wenye jina na kiasi sawasawa. Usisome ujumbe, fungua menyu uone salio lako.

Kuna pia anayekuja kinyume: mtu usiyemjua anakutumia kadi nyingi za Apple uziuze, mgawane. Marekani, matapeli wanaopiga simu huwalazimisha wazee kulipa kwa kadi za namna hiyo, na tume ya biashara ya huko, FTC, imekuwa ikiwaonya wananchi miaka mingi. Kadi hizo zinaweza kufungwa wakati wowote, na jina litakalobaki kwenye mauzo ni lako.